Tera 2 kwa Dola 10

Umeamua kununua flashi. Hongera. Kabla hujashuka soko la Nyawera, jikumbushe kwanza wewe ni nani. Wewe ni mtu wa Bukavu, na mtu wa Bukavu hauziwi mbuzi kwenye gunia. Ukipewa noti ya dola unaiinua juani, unaipapasa kingo, unatafuta mpasuko usiozidi ukucha wa mtoto, na ukiuona unairudisha hata kama aliyekupa ni shemeji. Dhahabu ya Kamituga haipokelewi mezani kabla ya kupimwa uzito na usafi. Kasiteriti ya Nyabibwe hailipwi kwa ukubwa wa gunia, hulipwa kwa bati lililomo. Hata mama wa soko la Kadutu anajua kwamba fungu lake la nyanya utalipekua hadi chini. Mji mzima ni maabara. Kitu kimoja tu hupita bila kuguswa na mpimaji, nacho ni kile kitakachobeba TFC (kazi ya kuhitimu) ya mwanao, picha za harusi na hesabu za duka. Hicho unakisoma karatasi, unaona 2 TB, unalipa.

Mwongozo huu hautakuzuia. Utakusaidia kufanya vilevile, ila kwa utaratibu.

Kwanza, mchague muuzaji. Yupo kijana anayetembea na kisanduku kifuani, mwenye chaja, soksi na flashi pamoja. Yupo mwenye kabati la kioo na taa kwenye Avenue Lumumba, ambaye flashi zake zinafanana kabisa na za kijana, ila zimelazwa juu ya kitambaa. Na yupo ndugu anayesafiri, hatari kuliko wote, kwa sababu yeye hutaweza kumrudishia. Anza kwa kuuliza ilikotoka. Hilo si swali, ni salamu. Ukiwa na kandambili itakuwa imetoka Kamembe, ng'ambo ya mpaka. Ukivaa koti, Dubai. Ukivaa koti na miwani, Ubelgiji. Halafu uliza kama ni orijino.

“Papa, mimi siuzi za uongo. Za uongo wanauza wale pale.”

Wale pale, ukiwaendea, watakuelekeza huku. Usiombe kuijaribu. Sheria hii haikuandikwa popote na kila mtu anaitii: kuomba ubadilishiwe noti ni uangalifu, kuomba flashi ipimwe ni kumwita mtu mwizi mbele ya wateja wake. Ukishikilia sana, ataichomeka kwenye mashine yake, atafungua dirisha na kukuonyesha: tera 1.81. Utaguna kwa heshima. Garanti ipo, nayo ni ya kweli. Inaanza ukitoa pesa na kuisha ukivuka mfereji. Risiti ukiidai utaandikiwa, na mahali pa jina la bidhaa utasoma “vitu mbalimbali”.

Pili, soma namba. Hapa ndipo utakapogombana, na utagombana na mtu asiye na kosa. Kiwanda huhesabu giga moja kuwa baiti 1,000,000,000. Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Kwa hiyo flashi halali ya giga 64 ikifika kwenye mashine yako huonyesha 59 na kidogo, pengine hata 57, na diski halali ya tera 1 huonyesha 931. Utarudi dukani ukihema na kudai giga zako 5. Utaita mashahidi. Muuzaji mwaminifu, ambaye huku Bukavu yupo na nasikia ana presha, ataeleza hesabu ya kompyuta kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Mashi, na utaondoka ukiwa umeshawishika kwamba umeibiwa kwa lugha tatu. Yule mwingine, wa tera 2 kwa dola 10, hutarudi kwake kudai giga. Tera zake 2 zinaonyesha 1.81, sawasawa na inavyotakiwa. Hata uongo wake umekatwa kwa kipimo halali.

Angalia pia herufi. Go na GB ni kitu kimoja, Kifaransa na Kiingereza. Lakini Gb yenye b ndogo ni biti, na nane kati ya hizo ndizo zinazofanya baiti moja. Ndiyo maana pakiti inayotangaza “480 Mb/s” inazungumzia USB 2.0, ambayo kwenye karatasi ni mega 60 kwa sekunde na mezani ni thelathini na kitu. Ulimi wa buluu ndani ya tundu la USB unatakiwa umaanishe USB 3.0. Kwenye kadi za simu utakuta C10, U3, V30, A1. Hizo ni ahadi za kweli, zimewekwa kanuni na SD Association: C10 haishuki chini ya mega 10 kwa sekunde ikiandika, U3 na V30 hazishuki chini ya 30. Ahadi hizo huchapishwa kwa wino, na wino unauzwa kwa yeyote, wa buluu pia.

Tatu, fahamu ulichonunua. Flashi za tera 2 zipo duniani. Kingston ilitangaza yake, DataTraveler Ultimate GT, mwaka 2017. Ilikuwa nene kama kiberiti na haikuwa kitu cha dola 10. Ya kwako ni nyingine. Ndani yake mna chipu inayohifadhi na chipu ndogo inayosimamia. Mashine yako haijawahi kuiona ile ya kwanza. Inazungumza na msimamizi tu na kuandika anachosema. Fundi wa uchochoroni, mbali sana na hapa, huchukua chipu ya giga 8, humfundisha msimamizi kutamka “tera 2”, hufunga plastiki, hutia kwenye katoni.

Mkazi wa Bukavu hahitaji maelezo zaidi, kwa sababu hii ni parseli. Kiwanja kimoja mteremkoni, wanunuzi kadhaa, kila mmoja na karatasi yake yenye mhuri, na karatasi zote ni nzuri. Tofauti ni kwamba parseli ikiuzwa mara tatu au nne, wenyewe hatimaye hukutana juu ya msingi mmoja. Parseli ya giga 8 iliyoandikwa tera 2 imeuzwa mara 250, na wanunuzi hawatakutana, maana wote ni wewe.

Giga 8 za kwanza huingia vizuri na kufunguka vizuri. Zikishajaa, msimamizi hufanya moja kati ya mawili. Ama anarudi mwanzo na kuandika juu ya waliotangulia, ama anakitupa kinachoingia na kukujibu kwamba kimefika. Daftari la majina ya faili, hata hivyo, hukaa mwanzoni mwa flashi, kwenye ile sehemu ya kweli. Ndiyo sababu utaona kila kitu mahali pake: jina, tarehe, ukubwa. Video ya harusi ipo, ina giga 3 na nusu, inang'aa. Ukiibofya, bwana harusi hatokei. Mjapani Fujio Masuoka, aliyebuni kumbukumbu ya flashi akiwa Toshiba miaka ya 1980, alitaka kitu kinachofutika upesi. Inasemekana jina lenyewe lilipendekezwa na mwenzake aliyekumbuka mwako wa kamera. Huku kwetu mafanikio yake yamepita kiasi. Na usijenge mapenzi na flashi wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza zote hufanya kazi.

Nne, ipime. Programu inaitwa H2testw. Iliandikwa na Mjerumani, Harald Bögeholz wa jarida la c't, haina mapambo, na ni nyepesi kuliko picha moja ya harusi. Huijaza flashi data inayoifahamu, kisha husoma tena kila ilichoandika na kuhesabu kilichopotea, kama mama anayehesabu sahani baada ya matanga. Wenye Linux na Mac wana F3 ya Michel Machado, kazi ni ileile. Hamisha kilichomo. Chomeka. Chagua flashi, usichague diski ya mashine. Bonyeza. Subiri.

Kwenye kusubiri ndiko kwenye shughuli. Chukua kwamba flashi ya bei yako inaandika mega 10 kwa sekunde. Tera 2 kwa mwendo huo ni saa 55 na nusu, bado kusoma. Sasa weka delestaji, yaani mgao wa umeme, katikati. Umeme wetu unatoka kwenye mabwawa ya mto Ruzizi. Bwawa la Ruzizi II peke yake linagawia nchi tatu umeme tangu 1989, na kwenye mabwawa hayo hurundikana chupa za plastiki zinazoshushwa na mvua kutoka mitaani, zikaelea ziwa Kivu, zikaingia mtoni. Zikiziba, mitambo husimama. Upo basi uwezekano mzuri kwamba jaribio lako, likiwa saa ya 31, litakatwa na chupa ya soda uliyoitupa mwenyewe kwenye mfereji. Onduleri, ile betri ya akiba, itakupa dakika chache za kuilaani.

Mwenye haraka ana njia. H2testw inakubali kuandika sehemu tu. Iambie giga 64: kwa mwendo uleule, kuandika hakufiki saa 2. Zikirudi nzima hujathibitisha tera 2, lakini angalau umejua si giga 8. Na tangu 2023 ipo ValiDrive ya Mmarekani Steve Gibson, inayochungulia sehemu mia kadhaa kutoka mwanzo hadi mwisho wa flashi na kukupa jibu kwa dakika chache. Kisingizio cha umeme kimekufa hapo. Utapata kingine. Utasema huna mega za kuipakua, kwa kuwa ulizimaliza jana ukitazama video za watu wanaofungua maboksi.

Nitoke kidogo nje ya mwongozo. Hatupimi kwa sababu jibu tunalo. Aliyezoea kulipia giga 32 halali pesa ileile hawezi kupewa tera 2 kwa dola 10 asijue kuna jambo. Ila flashi ambayo haijapimwa ni tera 2, na iliyopimwa ni giga 8 pamoja na aibu. Ukilinganisha bei, ya kwanza ni nafuu zaidi. Noti tunaikagua kwa kuwa ubovu wake unaweza kumrudia aliyeileta palepale, kabla hajaondoka. Ubovu wa flashi hujitokeza baada ya miezi, usiku, ukiwa peke yako. Ukiamua kupima, usipime mbele ya mkeo aliyekuonya.

Tano, linganisha kasi. Siku moja utapata flashi ya kweli, kwa bahati au kwa kurithi, na utataka kushindana na jirani. Mtaani mashindano huwa hivi: mnachomeka zote mbili, mnanakili wimbo mmoja, aliyemaliza kwanza anachukua ushindi. Njia hii ina sifa ya kuisha kabla umeme haujakatika. Lakini mashine mara nyingi huipokea faili ndogo kwenye kumbukumbu yake yenyewe, hukwambia “tayari”, kisha huendelea kuandika kimyakimya. Mlilinganisha mashine. Na flashi nyingi mpya zina kijisehemu chepesi mbele, kama duka lenye sakafu ya vigae kwenye mlango tu. Kikijaa, mwendo unaanguka.

Kwa hiyo pima kwa kitu kirefu. Tumia faili ya giga 3, si ya giga 5, kwa sababu flashi iliyopangwa kwa FAT32 haimezi faili moja inayofika giga 4, na utailaumu bure. Kisha pima kwa kitu chenye vipande vingi: folda ya picha 2,000. Flashi iliyokuwa inakimbia kwenye filamu moja itaanza kutambaa, kwani kila picha ni kufungua daftari, kuandika jina, kufunga daftari. Kumbuka kwamba kasi iliyochapwa kwenye pakiti ya flashi mara nyingi ni ya kusoma. Ya kuandika, ambayo ndiyo utakayoingoja, haikupata nafasi kwenye karatasi. Na ukichomeka zote kwenye tundu la zamani la USB 2.0, flashi ya dola 8 na SSD ya dola 80 zitakaribia kufungana sare kwenye kusoma, na mwenye ya dola 80 atanyamaza njia nzima akirudi nyumbani.

Kama flashi ni ya redio ya teksi, acha yote haya. Wimbo wa MP3 wa kilobiti 320, ambao ndio mzito kuliko wote, unahitaji kilobaiti 40 kwa sekunde. Flashi yoyote iliyo hai inaziweza. Dereva atakayekueleza kwamba yake “inapiga besi zaidi” usimbishie, bado hujashuka.

Sita, diski ngumu ya okazio, yaani iliyokwisha kutumika. Ipakate kwanza. Nzito si lazima iwe nzuri: kuna waliofungua kasha la diski wakakuta flashi ndogo na nati mbili za chuma zilizogandishwa kwa gundi ili mkono uridhike. Kama ni diski halisi, CrystalDiskInfo itakuonyesha imewaka saa ngapi tangu izaliwe na sekta ngapi zimekwisha kuzibwa. Saa 30,000 ni zaidi ya miaka mitatu bila kulala. Diski hizo zina sahani inayozunguka na kichwa kinachoelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unywele, na hazipendi kutikiswa zikiwa kazini. SSD haina sahani na haijali. Nawe unakaa mtaa wa Panzi na unarudi kwa pikipiki. Chagua.

Saba, sekretaria publiki. Hutaikwepa. Huwezi kuwa na karatasi Bukavu bila kupita hapo: barua, sivii, mtihani, tangazo la msiba. Ni mahali unapokwenda kuchapa ukurasa mmoja na kurudi na virusi vya vyuo vikuu vitatu, ISP, UCB na UOB, kwa pamoja, hasa msimu wa kuweka TFC, mashine moja ikipokea flashi za foleni nzima. Usiku huo folda zako zote zitakuwa zimegeuka njia za mkato zisizofunguka. Sikiliza kwa makini, kwani sehemu hii ni ya kweli na itakusaidia kama utaifuata: faili hazijafutwa, zimefichwa. Iambie mashine ionyeshe vilivyofichwa na utazikuta zote, zimekaa gizani. Kijana wa kaunta atakuuliza swali lake la siku zote.

“Papa, nifanye formata?”

Jibu sahihi ni hapana. Utasema fanya, mwanangu.

Inashauriwa kuwa na nakala mbili za kila kitu cha maana, kwenye vifaa viwili visivyonunuliwa siku moja. Utaweka nakala tatu, kwenye flashi moja: “TFC”, “TFC mwisho” na “TFC mwisho kweli”. Profesa atapokea ya kwanza.

Nane, siku yenyewe. Itakuwa siku ya mvua, saa moja kabla ya kutetea kazi au siku tatu baada ya mazishi, mnapotafuta picha ya marehemu akitabasamu. Jina litakuwepo, tarehe itakuwepo, ukubwa utakuwepo. Utaichomoa, utaipuliza, utaichomeka upande mwingine wa mashine. Kupuliza hakusaidii, lakini hakuna aliyewahi kuacha kupuliza. Kisha utamrudia muuzaji, na ajabu utamkuta. Atakusikiliza mpaka mwisho, kwa upole, halafu atakuuliza kitu kimoja tu: “Papa, ulikuwa unaichomoa bila kuiambia mashine?”

Hujawahi kuiambia mashine. Hakuna mtu aliyewahi. Hapo kesi imekwisha, mtaamkuana kwa ajili ya jamaa zenu, na kwa kuwa umeshuka mpaka huku na dola 10 mfukoni, utaangalia alicho nacho. Ana za tera 4.

Ya zamani usiitupe. Yangu iko kwenye droo, pamoja na noti ya dola yenye mpasuko ambayo mpaka leo hakuna aliyeikubali. Noti haitoki. Flashi imekwisha kutoka mara mbili: jirani aliiomba kuwekea mahubiri, binamu aliiomba kuwekea msimu mzima wa tamthilia. Wote waliirudisha wakiwa na maswali. Na wewe wa kwako watakuja. Wapokee, wape kiti, ichukue, igeuze mkononi polepole kama daktari, na useme ni virusi.